Rangi Ndani ya Karai

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusugua miwani kwa majivu.

Nyumbani kwetu kila kitu kinachong'aa kilisuguliwa hivyo: sufuria, vikombe vya bati, hata vioo vya taa. Kazi yangu ilikuwa kusafisha taa za stesheni ya Nakuru, na niliogopa alama ya kidole kama wengine wanavyoogopa nyoka. Abiria alisahau miwani ya jua kwenye behewa. Ilipokosa mwenyewe, stesheni masta akanipa.

Niliivaa kando ya ziwa. Mng'ao wa maji ulizimika, nikaona matope chini na miguu ya ndege aina ya heroe imesimama ndani yake. Nikalaza kichwa begani, mng'ao ukarudi. Nilifanya hivyo mpaka shingo ikauma.

Kitabu changu cha zamani cha fizikia, kisicho na jalada, kilinieleza. Mwanga ni mawimbi yanayotikisika kila upande, na lenzi ile hupitisha mtikisiko wa upande mmoja tu. Ukikingamanisha lenzi mbili, giza. Ukiweka plastiki katikati, rangi hutokea, na plastiki ikivutwa na uzito, rangi huhama. Yaani uzito unaonekana! Ukurasa mwingine ulisema wapo wataalamu wanaojiuliza kama uvutano nao husafiri kwa mawimbi. Basi nikawa natembea kwenye reli nikiota: kama uzito mdogo huacha alama kwenye mwanga uliochujwa, je, wimbi la uvutano likipita angani haliwezi kuacha yake?

Mwalimu wa sayansi wa shule ya misheni alikubali kuja Jumamosi kutazama jaribio langu la rangi kwa lenzi mbili za miwani ile. Akiridhika, angenifungulia maabara. Mimi niliyeacha shule kwa kukosa karo sikuwa na mlango mwingine.

Ijumaa jioni nikaona lenzi zina ukungu kidogo. Nikachota majivu. Lenzi ya kwanza ikageuka nyeupe kama jicho la mzee, maana haikuwa kioo, ilikuwa plastiki.

Asubuhi dada yangu, ninayekaa kwake, alinikuta nimejikunyata uani alipokuwa akifua.

"Profesa, nani amekufa?"

"Lenzi moja imeharibika. Namtumia mwalimu ujumbe asije."

"Si imebaki moja? Mbuzi wa jirani ana jicho moja na sukuma wiki yangu anaiona."

Sikucheka. Niliweka lenzi nzima jichoni ili tu asione machozi, nikainamisha uso juu ya karai lake la kusuuzia. Anga jeupe lililong'aa majini likazimika. Nikageuza lenzi, likawaka. Maji yenyewe yalikuwa yameshauchuja mwanga! Karai ndilo lilikuwa lenzi yangu ya pili.

"Dada, usimwage!"

Nilishika rula yangu ya plastiki kati ya karai na jicho. Ndani yake kukatokea waridi, kijani na manjano, zimelala kama mashamba ya Subukia ukiyatazama kutoka juu. Nikaning'iniza kufuli la mlango kwenye ncha ya rula. Rangi zikasogea polepole, kama ng'ombe wanaoamka.

Mwalimu alikuja, viatu vyake vyeupe kwa vumbi. Nilianza kuomba radhi: povu la sabuni, mikwaruzo, karai lenyewe.

"Kijana, nipishe nione," akasema, akachuchumaa. Aligeuza lenzi huku na huku. Nikamweleza ndoto yangu ya uvutano.

"Hilo la mawimbi ya uvutano silijui," akasema, "na sidhani kama karai litatosha. Lakini lining'inize tena hilo kufuli."

Dada akadakia: "Mwalimu, nguo zangu nitasuuza lini?"

Siku hizi Jumamosi naingia maabara ya shule. Lenzi nazifuta kwa pamba yenye maji, na kazi yangu naionyesha kabla haijawa safi.