Mkebe wa Adhieu

Majirani zake katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma humwita Adhieu Mama Mkebe, na wala hawamsifu. Tangu mgao upunguzwe, yeye hupima unga wa mtama kwa mkebe mtupu wa nyanya: mmoja asubuhi, miwili jioni, kwa midomo mitano. Unga ukizidi ukingo, anaupangusa kwa kidole na kuurudisha ndooni. Ndani ya ndoo amechora mistari minne ya makaa, kila wiki na mstari wake. Miaka kumi na mmoja hajabisha kwa mtu kuomba unga, na hilo linampa kiburi kikubwa kuliko anavyokubali. Wanaomjia na bakuli mwisho wa mwezi huwapa ushauri. Unga hawapi.

Mwezi wa tano, Malual, mume wa binti yake Ayak, alirudi kutoka Lodwar alikokuwa akibeba mizigo. Kazi ilikuwa imekwisha, na kadi yake ya chakula imefungwa kwa kuwa hakuwepo siku ya kuhesabu watu. Akafikia kwa rafiki yake. Adhieu hakumtia kwenye hesabu. Kwa desturi yao Wadinka, mkwe hali nyumbani kwa mama mkwe, wala mama mkwe hapaswi kumwona akitafuna, mpaka siku mama huyo atakapomchinjia mbuzi wa karamu. Mbuzi hakuwepo. Basi Malual alikuja, akasalimia kwa mbali, akaenda zake. Adhieu akaona mkwe wa namna hiyo hana gharama hata kidogo.

Wiki ya pili unga ukashuka vidole viwili chini ya mstari. Akalaumu panya, akahamishia ndoo kando ya kitanda chake. Ukazidi kushuka. Akawakagua wajukuu midomo, akawasema bure watoto wa watu.

Jioni moja akamfuata Ayak, aliyetoka na sufuria chini ya kanga. Nyuma ya ua wa jirani yao Nyakong, Malual alikuwa amechuchumaa akiwapa mgongo, anakula upesi upesi, mifupa ya mabega imemtoka. Adhieu aliona aibu, kisha akapandwa na hasira, kisha huruma ikazishinda zote mbili. Ayak aligeuka, macho yao yakakutana. Mama akarudi nyumbani.

"Mama, nilitaka kukwambia..." Ayak alianza aliporudi.

"Ndoo hii ina panya," Adhieu alimkatiza. "Panya mwenyewe mkubwa. Kuanzia kesho jioni pika mikebe mitatu."

Yeye mwenyewe akaacha uji wa asubuhi, akasingizia tumbo. Hata hivyo, siku tatu kabla ya mgao, ndoo ilikauka. Wajukuu walikuwa wameshaanza kuuliza. Adhieu akachukua mkebe wake, akaenda kubisha kwa Nyakong, yuleyule ambaye yeye mwenyewe alimnyima unga mwezi uliopita.

Nyakong alicheka mpaka akashika mlango. "Mama Mkebe! Leo hesabu imekushinda?"

"Hesabu ya unga ilikuwa sawa," Adhieu alisema, macho chini. "Watu ndio nilihesabu vibaya. Sisi tuko sita."

Nyakong akatupa jicho nyuma ya ua wake, kicheko kikamwisha. Aliupokea mkebe, akaujaza mpaka unga ukamwagika pembeni, na hakuupangusa.