Gego la Miaka Sita

Mpaka leo nikimsikia mtu mzima akisema "si meno ya utoto tu hayo," damu inanichemka. Niliyasikia maneno hayo miezi mitatu mfululizo sebuleni kwa dada yangu, kule Goba, na miezi yote hiyo sikusema nililolijua. Kwa hiyo hasira nyingine naielekeza kwangu mwenyewe.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nakaa kwa dada na shemeji. Jukumu langu lilikuwa kumwandaa binti yao wa miaka saba kwenda shule. Alfajiri tunasimama kwenye bomba la uani, yeye mswaki mdomoni na macho bado yamefumbwa. Asubuhi moja nilipomsaidia kusugua, akaurudisha mkono wangu nyuma.

"Mamdogo, huku usiguse."

Nilimwambia apanue mdomo, nikammulika kwa simu. Chini, upande wa kulia, nyuma ya meno mengine yote, gego lilikuwa na shimo jeusi la kuenea punje ya mchele.

Jioni nilimfuata dada jikoni. Alikuwa anakatakata vitunguu, hakuinua hata kichwa.

"La utoto hilo. Litang'oka lenyewe."

"Lakini linamuuma, dada."

"Wewe nawe! Juzi kikohozi changu ulisema ni mapafu. Jana mchicha una sumu. Leo jino! Mdogo wangu, hiyo simu itakuchizisha."

Shemeji alicheka kutoka sebuleni. Na mie nikacheka, maana ukiwa mgeni wa kudumu katika nyumba ya watu unajifunza kucheka wenzako wanapocheka.

Lakini nilisoma. Nikajua kuna gego linaloota mtoto akifika kama miaka sita, nyuma kabisa ya meno ya utoto. Halisukumi jino lolote litoke, ndiyo maana wazazi hawalioni likija. Wanalihesabu pamoja na ya utoto, na wanaliacha lioze kama ya utoto. Nilimwandikia dada ujumbe mrefu kueleza hayo. Nikausoma mara nne, nikaufuta. Je, nikikosea? Mie nimesomea masoko, si meno. Na je, nikiwa sahihi, nile ugali wa shemeji kisha nimfundishe mke wake kulea? Kesho yake nikaandika mwingine, nikaufuta pia.

Badala yake nikajaribu njia ya chinichini: mswaki wa usiku. Huko ndiko nilikogundua jinsi tulivyo. Kwetu mswaki ni wa asubuhi. Tunapiga mswaki tusinuke mbele za watu, tusalimie vizuri, twende kazini. Meno yenyewe kubaki salama si hoja. Kwa hiyo baada ya chakula, mtoto anapewa chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu, anaegemea kochi mbele ya tamthilia, anasinzia na chai ile mdomoni. Mara mbili nilimwinua nimpeleke bombani. Mara zote mbili dada alinizuia.

"Mwache mwanangu alale. Atapiga asubuhi. Kwani usiku anaongea na nani?"

Watu wakacheka tena. Ni utani mzuri, nakiri. Nilimrudisha mtoto kwenye kochi.

Mwezi wa tatu tangu asubuhi ile, shavu la mtoto lilivimba mpaka jicho likawa dogo. Sasa kila mtu alikuwa na haraka. Shemeji alituita teksi, na asubuhi hiyo hiyo tukawa mbele ya daktari wa meno, mwanamke wa rika la dada. Alitazama kwa muda mfupi sana, akauliza, "Mama, hapa palishawahi kutoka jino kabla ya hili?"

"Sikumbuki. Si la utoto?"

"Hapana, mama. Hili ndilo la kuzeekea nalo."

Alieleza taratibu kwamba mapema lingezibwa, ila sasa limeoza hadi kwenye mizizi na usaha umejaa. Litolewe. Na yapo mengine matatu kama hilo, moja kila upande uliobaki, juu na chini. Hayo yalindwe kwa mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na mtu mzima amsaidie, mkono wa mtoto peke yake haufiki kule nyuma.

"Sasa mbona hakuna mtu anayetuambia mambo haya?" dada aling'aka.

Nilishindwa kuvumilia. "Dada, nilikwambia!"

"Uliniambia linauma. Uliniambia kwamba ni la ukubwani?"

Daktari akajifanya anatafuta glavu. Nami nilisimama pale na ujumbe wangu wote niliokwisha kuufuta. Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia dada dakika ile, wala sijawahi kujichukia vile.

Tulirudi na jino ndani ya kipande cha shashi. Mtoto alikuwa na pamba mdomoni na furaha ya ajabu. Tulipoingia uani alikimbilia katikati, akauinua mkono wenye shashi.

"Karushe juu ya bati," shemeji alimwambia kwa upole. "Mwambie kunguru achukue hilo bovu, akuletee jipya."

Hata sasa! Daktari amesema, tumelipia, tumesikia, na bado tunamdanganya mtoto. Safari hii sikupanga maneno.

"Haliletwi," nikasema. "Hilo haliotagi tena. Usirushe."

"Unamliza mtoto," dada alinong'ona kwa ukali.

Lakini hakulia. Alinitazama mimi, akamtazama baba yake, akasubiri mmoja wetu acheke. Hakucheka mtu. Akaifungua shashi, akaligeuza jino lile upande wa shimo, akaenda kulitia kwenye kiganja cha mama yake.

"Basi shika wewe."

Dada alilishika. Alilitazama muda mrefu mpaka nikaona aibu kumwangalia. Kisha, bila kunigeukia, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nayajua yale matatu yaliyobaki yako wapi hasa.

Nikamwita mtoto juani, nikamwambia apanue mdomo. Dada akasogea, akainama.