Alimwambia Kwamba Anaondoka

Mtaani walimwita Sponji, kwa kuwa hakuna siku aliyorudi nyumbani bila vipande vya sponji kwenye nywele. Alikuwa fundi wa makochi. Kutwa nzima alibana misumari midogo kati ya midomo, akiitoa mmoja mmoja na kuigonga kwenye mbao, na kwa sababu hiyo alizoea kusikiliza kuliko kusema.

Mkewe, Mama Pacha, alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa. Mapacha wenyewe walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili tu.

Mambo yalianzia kwenye pasi. Jioni moja Sponji alimkuta mkewe akipiga pasi huku anaongea Kiingereza peke yake, hedifoni masikioni. Alipogeuka kuchukua shati jingine, waya ukachomoka kwenye simu. Sauti ya mwanamume ikajaa chumbani, nzito na ya upole. Sponji aliacha shule mapema, lakini neno la mwisho alilijua: tumoro.

Mama Pacha akaizima simu upesi.

"Nani huyo?"

"Mambo ya kazi tu, Baba Pacha."

"Kesho kuna nini?"

"Kesho ni Jumatano," akajibu, akaendelea kunyoosha kola.

Tangu siku hiyo mdudu akamwingia Sponji rohoni. Akaanza kuona ambayo zamani hakuyaona. Mkewe alichelewa kurudi Jumanne na Alhamisi, kila wiki. Mara moja alirudi na unga mweupe kwenye mkono wa blauzi, naye Sponji akajiambia ni poda. Poda ya nani, kwa kuwa Mama Pacha hajawahi kupaka poda? Hakuuliza. Alitega masikio nyuma ya pazia, na kila sentensi aliyoinasa aliikariri njia nzima hadi dukani kwa dada yake, aliyeuza vipodozi na aliyekuwa amemaliza sekondari.

"Leo amesema, 'shi told him shi woz living,'" alimwambia dada.

Dada akaweka chini chupa aliyokuwa akiifuta vumbi. "Amemwambia mwanamume fulani kwamba yeye ... hiyo living inategemea. Ukiikata ni kuishi, ukiivuta ni kuondoka. Aliivuta?"

Sponji akafikiri. "Aliivuta."

"Basi anaondoka, mdogo wangu. Mimi wifi yangu namjua, ukimya wake si wa bure."

Siku zilizofuata kazi haikwenda. Kochi la mteja alilivalisha kitambaa kichwa chini miguu juu, maua yakawa yanaota kuelekea sakafuni, ikabidi alifumue lote. Usiku alilala akiusikiliza hata upumuaji wa mkewe, kama vile nao ungeteleza ukataja jina.

Alhamisi alifunga karakana mapema, akamsubiri ng'ambo ya geti la hoteli. Mama Pacha alitoka, akapita kituo cha basi bila kukiangalia, akaingia kwenye shule ya msingi ambayo wanafunzi wake walishakwenda nyumbani. Sponji akamfuata hadi mlango wa darasa. Ndani akasikia sauti ile ile, nzito na ya upole. Akausukuma mlango.

Mwenye sauti alikuwa mwalimu mstaafu, sweta limemning'inia mabegani, chaki mkononi. Kwenye madawati ya watoto walibanana mpishi, mlinzi, wahudumu wawili wa vyumba, na mkewe, magoti yakigusa meza.

"Karibu," mwalimu alisema, akidhani ni mwanafunzi mgeni. "Tuko kwenye usemi wa taarifa. Mmoja anasema, mwingine anatuarifu kwa Kiingereza alivyosema. Sema lolote, hata kwa Kiswahili."

Sponji alisimama na vumbi lake la mbao. Angeweza kuomba radhi akaondoka. Badala yake akasema, "Nilimsikia mke wangu akisema anaondoka. Nimekuja kujua anakwenda wapi."

Mlinzi akajifanya anatafuta kalamu chini ya dawati.

"Nani atatuarifu?" mwalimu aliuliza, bado hajang'amua.

Mama Pacha akasimama. Akaisema yote kwa Kiingereza, polepole, bila kukosea, macho yake yakiwa kwa mumewe. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, kisha akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaweka chaki mezani. "Leo tuishie hapa," akasema.

Walipotoka nje ya shule, Mama Pacha akaanza kueleza.

"Sentensi zote ulizosikia ni za zoezi. Mwalimu anaturekodia, tunajibu nyumbani. Ila hiyo ya kuondoka."

Sponji akasimama. "Hiyo ni ya nani?"

"Yangu. Hoteli inafungua tawi mji mwingine. Wanataka msimamizi wa ufuaji anayeweza kumweleza bosi kwa Kiingereza wageni wamelalamika nini. Wamenichagua mimi, nikifaulu mtihani."

"Na huyo him uliyemwambia?"

"Si wewe? Kukwambia kwa Kiswahili nilishindwa. Kwa Kiingereza haikuniuma. Na kwa ule usemi wa taarifa, kila neno likisemwa kama la jana, ikawa kama nimeshakwambia, na makelele yameshapita."

Sponji hakuamini yote papo hapo. Alimuuliza jina la mji, jina la bosi, mshahara, na kama mwalimu naye anahamia huko. Mama Pacha akajibu moja moja, na swali la mwisho likamchekesha mpaka akashika ukuta. Sponji hakucheka. Kesho yake alipiga simu hotelini akijifanya mteja, akauliza habari za tawi jipya. Lilikuwepo.

Mama Pacha alifaulu, akatangulia. Kwa miezi kadhaa Sponji aliishi kwa simu, akisikiliza nyuma ya sauti ya mkewe kama kuna sauti nyingine. Alisikia mashine za kufulia tu. Mapacha walipofunga shule, alikodi lori la kumfuata mkewe, akapakia mbao, cherehani na marobota ya sponji. Dada yake aliambiwa siku hiyo hiyo ya kupakia, injini ikiwa tayari inanguruma.