Sindano ya Mwalimu Breki

Mwalimu Breki alikuwa na mguu wa kulia usiojua likizo. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu udereva, yeye kiti cha abiria, na chini yake pedeli ya pili ya breki ya kuokolea roho. Mguu ulizoea kukanyaga kabla kichwa hakijaamua. Ulikanyaga kwenye sofa akitazama filamu. Siku moja ulikanyaga kwenye kiti cha kinyozi, kinyozi akashtuka, na Mwalimu akarudi nyumbani na kipara kidogo juu ya sikio. Jina walimpa wanafunzi, naye akalipokea kama cheo.

Mwanafunzi aliyemtoa jasho kuliko wote ni yule anayelala naye kitanda kimoja: mkewe, Mama Pacha.

"Ndani ya gari hakuna ndoa," alimwambia siku ya kwanza. "Humu mimi ni Mwalimu."

"Sawa, Mwalimu. Na vyombo jioni ataosha nani, wewe au Baba Pacha?"

Mama Pacha alikuwa ameahidiwa kazi ya kuendesha gari la kusambaza mikate, kwenye tanuri la mtaani kwao. Mwenye tanuri alimsubiri aende mtihani mara ya kwanza, akasubiri na ya pili. Akasema ya tatu ndiyo ya mwisho, akifeli atatafutwa dereva mwingine.

Mara ya kwanza alisahau kushusha hendibreki. Kosa lake, akalicheka. Mara ya pili ndiyo ilimkata maini. Mvua ilikuwa inanyesha, waipa zinakwenda, taa zinawaka, na katikati ya kilima sindano ya kipimo cha joto kwenye dashibodi ikapanda hadi kwenye nyekundu. Mtahini hakubembeleza. "Zima gari, linachemka. Mtihani umekwisha."

Mwalimu Breki, alipoitwa kilimani na kuhadithiwa, badala ya kulitazama gari, akamtazama mke. "Umepanda kilima na gia ya tatu. Umelichemsha."

Wiki nzima walizungumza kupitia watoto. "Mwambieni baba yenu chakula kiko mezani." "Mwambieni mama yenu nashukuru."

Kimoyomoyo, hata hivyo, Mwalimu alikuwa na wasiwasi. Alibadilisha themostati. Akasafisha rejeta inayopoza maji, akafunga feni mpya. Sindano haikujali. Mara imelala kama mgonjwa, mara imeruka juu kama mtu aliyekalia siafu.

Asubuhi ya mtihani wa tatu walifika mapema mno, wakazima gari, wakakaa kwenye foleni hadi matako yakafa ganzi. Yalipobaki magari mawili mbele yao, Mama Pacha akawasha injini, akaanza kukagua vitu kama alivyofundishwa. Akawasha indiketa ya kushoto.

"Mwalimu, sindano inacheza."

"Macho mbele."

"Inacheza na indiketa. Tazama basi! Taa ikiwaka inaruka, taa ikizima inashuka."

Mwalimu akainamisha shingo. Kweli, sindano ilikuwa inaruka kwa mdundo uleule. Mama Pacha akawasha na taa kubwa. Sindano ikapanda moja kwa moja hadi nyekundu. Akazizima, ikaanguka.

"Haya niambie, Mwalimu. Maji gani hayo yanayochemka kwa swichi?"

Mwalimu alishuka, akafungua boneti, akashika mpira wa rejeta. Baridi kama pua ya mbwa. Injini haikuwa na joto hata la kukaushia leso; kilichokuwa kinadanganya ni umeme. Akaufuata kwa kidole waya mweusi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi ya gari, ule ambao mafundi huuita athi, mpaka pale ulipofungwa kwa bolti.

Bolti ilikuwa nyeusi, inang'aa. Nzuri. Nzuri kupita kiasi.

Rangi ile aliipaka yeye mwenyewe, siku chache kabla ya mtihani wa pili, ili mtahini akifungua boneti ashike mdomo kwa mshangao. Alifungua waya, akapaka rangi chini yake, mara mbili, akaufunga tena juu ya rangi, kisha akaipaka na bolti ili isione wivu. Umeme unataka chuma kitupu, yeye kautandikia godoro. Na mtahini hata boneti hakufungua.

Akachukua spana na kipande cha msasa, akaanza kukwangua. Ilimuuma kama anajichuna ngozi.

"Siku ya kupaka rangi si ulisema humo hata inzi asikanyage?" Mama Pacha alichungulia dirishani.

"Niache nifanye kazi."

Akakaza bolti, akarudi kitini. "Washa taa. Indiketa. Waipa."

Sindano ikatulia chini, kimya, kama si yeye.

"Ilikuwa nini?"

Angeweza kusema waya umelegea. Nani angejua? Mbele yao gari la mwisho lilikuwa tayari linarudi.

"Mama Pacha," alisema.

"Eh! Humu ndani kumbe kuna ndoa?"

"Ni rangi yangu. Ile mara ya pili hukulichemsha gari. Nililichemsha mimi, kwa brashi."

Mama Pacha alizima waipa. "Na gia ya tatu?"

"Gia ya tatu haikuwa na kosa."

"Sikusikia, honi ilikuwa inapigwa."

"Hakuna honi iliyopigwa."

"Sikusikia."

Mwalimu Breki akarudia kwa sauti kubwa, mpaka mwalimu wa gari la nyuma akatoa kichwa dirishani. Wakati huohuo mtahini akagonga mlango. "Mwalimu, shuka."

Alisubiri penye uzio. Kila gari lilipokaribia njiapanda, mguu wake ulikanyaga vumbi. Hatimaye gari lilirudi, likaegeshwa sawasawa. Mtahini alishuka, akaenda zake. Kisha honi ikapigwa, ndefu, ya makusudi kabisa.

Mwalimu akakimbilia mlango wa mbele. Umefungwa.

"Nyuma," alisema Mama Pacha. "Huku mbele kuna pedeli, na aliyefaulu haihitaji tena. Na tunapitia kwenye tanuri, mwenye mikate anione mwenyewe nikiliendesha."

Alikaa nyuma, magoti kidevuni. Kwenye njiapanda ya kwanza, buti lake likapiga sakafu kwa kishindo.

"Baba Pacha, huko hakuna breki."

"Najua."

"Basi kanyaga tu, mume wangu. Jifurahishe."