Kadi Elfu Kumi na Moja za Mwanatumu

Mwanatumu alikuwa ametimiza miaka tisa katika chumba kisicho na dirisha. Hakufungwa na serikali. Aliajiriwa na kampuni moja ya Changamwe, nyuma ya barabara ya Magongo, iliyouza mbegu na majembe kwa njia ya posta. Kila mwaka kabla ya masika kampuni iliwatumia wakulima wa pwani nzima karatasi za bei. Kila mkulima alikuwa na kadi yake, na kadi zilikuwa elfu kumi na moja, zimepangwa katika masanduku ya mbao hadi darini. Panya wa chumba kile walikaa na majina muda mrefu hata wakawa wachaguzi: kadi za Malindi walikula siku za kawaida, za Kwale wakaziweka za sikukuu.

Jina nalo huchakaa kama nguo. Mtu hufa. Mtu huhama Ziwa la Ng'ombe asimuage hata jirani. Mwengine hujiandikisha mara tatu kwa majina matatu, apate kalenda tatu za ukutani. Karatasi zao hurudi. Mwaka ule wa themanini na tano zilirudi magunia kwa magunia, hata mtu wa posta akauliza kama huko Kwale amesalia mtu hai.

Ndipo akaletwa meneja mpya, Justus, mtu wa bara, shati lake limepigwa pasi hata ukiligusa linakukata. Akasema haitoki karatasi hata moja mpaka orodha isafishwe. Utaratibu wake ulikuwa huu: mmoja asome kadi kwa sauti, jina, sanduku la posta na kijiji, na mwenziwe alitafute jina hilo katika daftari la wanunuzi na daftari la barua zilizorudi. Aliye hai na anayepokea, kadi yake itiwe alama nyekundu. Isiyo na alama ichomwe moto. Na mlango ufungwe kwa nje, maana majina ya wateja ni mali, na washindani wana masikio.

"Kwa nje, bwana?" Mwanatumu akauliza. "Na mtu akishikwa na haja?"

"Agonge, nitamfungulia."

"Nawe ukiwa mjini?"

"Basi asinywe maji."

Lakini Justus hakuwa mtu wa vitisho tu. Alimwambia, "Mama, barua zikirudi chini ya mia moja, nakutoa humu. Utakaa kaunta ya mbele."

Kaunta ya mbele! Ilikuwa na dirisha pana, upepo ukiingia upande huu na kutokea upande ule, watu wakipita na kusalimu. Mwanatumu aliitamani tangu siku ya kwanza. Chumbani mwake alijua kama nje mvua imenyesha kwa kutazama viatu vya watu.

Akaanza kazi na shoga yake Nyamvula wa Kisauni. Yeye akasoma, Nyamvula akatafuta. Wakaenda vizuri, ila kwa jambo moja. Mwanatumu aliolewa Likoni, katika nyumba ya wakulima wa tangu na tangu, na nyumba ile mke hamtaji baba mkwe kwa jina. Hamtaji mbele ya watu, hamtaji akiwa peke yake, hata ndotoni huuma ulimi. Na mkwewe aliitwa Mwidani. Na Likoni ukirusha jiwe likiukosa mnazi, litampata Mwidani. Masandukuni mlikuwa na Mwidani sitini na watatu.

Kwa Nyamvula halikuwa tatizo. Ikitokea kadi ya jina lile, Mwanatumu huiinua juu.

"Huyu."

"Mkweo wa ngapi leo, shoga?"

"Wa nne. Na usicheke, huyu mkali."

Walikuwa wamefika wa nne tu Nyamvula alipoitwa Kisauni kumuuguza mamake, nao wakafuta zile alama nne ili waje waanze upya pamoja, kwa kuwa majina yalifanana mno. Masika yalikaribia. Justus hakungoja. Akavuta kiti, akashika kalamu nyekundu yeye mwenyewe.

"Soma."

"Mwarandu Ngome, sanduku mia mbili na saba, Mtongwe."

"Yupo. Ijayo."

Mwanatumu akaitoa kadi iliyofuata, akaiangalia, akaiinua juu. "Huyu hapa, bwana."

"Huyu nani?"

"Huyu unayemwona."

"Sikusema nionyeshwe, nilisema nisomewe."

"Nitakuandikia kwenye karatasi, bwana, kwa ruhusa yako. Kwetu sisi, jina la baba..."

"Mama, mimi nasafisha wateja, sisafishi mila. Ijayo!"

Iliyofuata ilikuwa ya jina lile lile, na ya baada yake pia. Mwanatumu akazitoa zote sitini na tatu, moja moja, akazitia katika sanduku tupu chini ya meza, akasema moyoni: Nyamvula akirudi tutazimaliza. Akaruka hadi jina la mbele.

Mchana wa siku walipomaliza masanduku yote, Justus akasimama, akayakusanya masanduku ya kadi zisizo na alama, akatoka nayo na kufunga mlango. Dakika chache zikapita kabla Mwanatumu hajageuka na kuona pale chini pa meza patupu. Akaupiga mlango kwa mikono miwili.

"Ngowa! We Ngowa!"

Ngowa, mlinzi, akaitika kutoka uani. "Naam, Mama!"

"Fungua, kuna kadi zimekwenda kwa makosa!"

"Ufunguo anao bwana, naye kaenda Airport kupokea mzigo. Kadi gani? Hizi? Zimeshika moto vizuri, mashallah."

Moshi ukapita chini ya mlango, ukamwingia puani. Akakaa sakafuni. Angesema? Akisema, barua zitacheleweshwa, na kaunta imekwenda. Justus aliporudi, hakumwambia.

Karatasi zikatumwa. Zikarudi kumi na tisa. Justus alicheka kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa, na Jumatatu yake Mwanatumu akaketi kaunta ya mbele. Siku ya kwanza upepo ulimpiga hata akaona baridi, Mombasa hii, mwezi wa nne. Aliitikia salamu za watu asiowajua. Alikaa hapo siku kumi na mbili.

Siku ya kumi na tatu wakaja Mwidani wa Likoni. Walikuja zaidi ya ishirini, wote kwa feri moja, na wenye macho walisema feri ile iliinama upande mmoja kwa uzito wa jina. Mbele yao mkwewe, na bakora yake.

Mwanatumu akajifunika leso, akainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza kama nimekufa."

"La, baba."

"Bakari jirani yangu, asiyejua jembe linashikwa wapi, kaletewa karatasi ya bei. Mimi, mteja wa hapa tangu nyumba hii haijaezekwa, kimya. Na wenzangu hawa, kimya. Msiba gani huu?"

Justus akatoka ofisini. "Hawa ni akina nani, Mama?"

Mwanatumu akatazama chini.

"Usimtaabishe," mzee akasema. "Hawezi kunitaja. Mimi ni Mwidani."

"Nami Mwidani," akasema wa nyuma yake.

"Na mimi."

Lilipofika jina la saba Justus alikwisha kuelewa, na uso ukamwiva. Daftari la wanunuzi lilikuwa na majina matupu. Anwani zilikuwa kwenye kadi, na kadi zilikuwa jivu. Mwanatumu hakutetea nafsi yake. Akavuta kalamu na kadi mpya, akaandika pasipo kufungua mdomo: Mwidani huyu na babake, sanduku lake, kijiji chake, waliokuja na waliobaki nyumbani, wote sitini na watatu. Wazee wakazipitia.

"Hili ni sanduku langu kweli," mmoja akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau!"

Justus akamtazama. "Na wengine unawajua hivi?"

Hapo ndipo angesema la. Neno dogo, uongo wa saizi ya ubuyu, na dirisha lingebaki lake. Lakini mkwewe alikwisha kujaa fahari.

"Mkazamwanangu huyu? Anawajua elfu kumi na moja wote! Mjaribu!"

"Mbarak Khatibu," Justus akasema.

Mwanatumu akamwona mzee amekaza macho juu yake, na watu wake nyuma yake, wanangoja. Amwaibishe? Wallahi asingeweza.

"Alikuwa Ziwa la Ng'ombe, sanduku mia nane na kumi. Amehama. Barua zake huchukuliwa na shemejiye, karibu na Airport."

"Dhahabu Ali?"

"Wako wawili. Wa Mtongwe amefariki, Mungu amrehemu. Wa kule Shika Adabu yu hai, ila hapokei."

Mzee akapiga bakora chini. "Mwaona!"

"Naona," Justus akasema taratibu. "Na mtu kama huyu ndiye nimemweka hapa auze majembe? Mama, wewe ndiwe orodha yenyewe. Rudi ndani."

Mkwewe akaondoka amefurahi, akimsifu njia nzima hadi Likoni. Kaunta akapewa mtu mwengine. Kesho yake Justus, ili kuonyesha shukrani, alimpelekea Mwanatumu chumbani kiti kipya chenye mto mwekundu. Akakikalia. Kilikuwa kizuri, tena laini, kiti cha mtu wa kukaa miaka.