Sitini na Mbili Kila Asubuhi

Kikundi chetu cha kuonya watu kuhusu mafuriko kilikuwa na wasomaji wawili wa kina cha mto: mama mmoja mjane, mkulima wa kahawa huko Bulembia, na shemeji yangu pale Bwera. Kila asubuhi walisoma kipimo kilichosimikwa mtoni na kunitumia namba kwa simu. Mimi, nikiwa mjini Kasese, niliziandika kwenye faili la maandishi matupu la kompyuta: tarehe, kituo, kina kwa sentimita. Kila kituo, siku moja, mstari mmoja.

Mwisho wa mwezi mmoja nikazipa kazi amri za kompyuta: grep ichague mistari ya Bulembia, awk itoe safu ya kina, sort na uniq zihesabu kila namba imejirudia mara ngapi. Ikatoka namba moja tu: sitini na mbili, mwezi mzima, na mvua ilikuwa ikinyesha mlimani.

Nikajua mama anatunga namba akiwa kitandani. Sikumpigia, nilitaka nimfumanie. Alfajiri nikapanda boda, nikamkuta yuko mtoni tayari, ameinamia kipimo. Nikachungulia. Sitini na mbili, kweli. Mawe yaliyoletwa na maji yalikuwa yamekizingira kipimo, kimebaki kwenye kidimbwi, mto wenyewe unapita kando.

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Mtoto wangu, mlisema niandike ile naona. Hakuna mtu aliniuliza ingine."

Nikamwomba radhi, naye hakujua ni ya nini. Tukahamisha kipimo.

Nikarudi Kasese, lakini shaka ilikuwa imeshaniingia. Namba za shemeji zilipanda na kushuka vizuri, ndiyo maana sikuwahi kuzichunguza. Nikatoa kina cha wiki zake nne za mwisho, na cha wiki nne za kabla, nikazilinganisha kwa diff, amri inayoonyesha tofauti peke yake. Haikuonyesha kitu. Nikarudia, nikidhani nimekosea jina la faili. Haikuonyesha kitu.

Namba zilikuwa zile zile, siku kwa siku. Nikampigia kumwuliza maji ya leo.

"Arobaini na nane, shemeji."

Nikamwuliza yuko wapi. Akasema yuko Mpondwe, mpakani, anakofanya vibarua, malori ni mengi, na mto haujabadilika sana. Nikamwambia kuna watu wanaolala kando ya mto ule.

Kikundi kikaweka msomaji mwingine. Dada yangu, mkewe, alininunia hadi mvua zikakatika. Mistari ya shemeji sikuifuta. Niliiwekea alama mwanzoni ili amri zangu ziiruke.