Rubani na kijiko chake katika bwawa la chumvi namba saba

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na tatu amelala chali juu ya gunia tupu. Kichwa kiko chini ya pikipiki ya matairi manne, miguu iko nje. Kinachoonekana ni malapa mawili ya bluu na soli iliyoliwa upande mmoja.

"Usinisemeshe kwanza," anasema kutoka huko chini. "Nikiongea nalipoteza tundu."

Anafunga kijiko. Si cha kunywea chai, bali cha kuchotea mzigo, kama kile cha mitambo mikubwa ya barabarani, ila hiki kina ukubwa wa beseni la kuogeshea mtoto mchanga. Kinakaa mbele ya pikipiki. Kimebebwa na mabomba mawili ya chuma yanayopita chini ya injini na kushikwa na pini mbili nene kama kidole gumba.

Matundu ya pini hayaonekani, kwa hiyo anayapapasa. Mkono wa kushoto unainua bomba, wa kulia unaisukuma pini taratibu, mpaka inalia tak! Anachomeka kipini kidogo cha usalama ili pini isichomoke, kisha anahamia upande wa pili. Tak! Dakika nne zimepita. Kaka yake, fundi wa kuchomelea aliyekiunda kijiko hicho, hutumia robo saa, tena kwa kulaani.

"Kaka anatumia nguvu," anasema akijikung'uta. "Mimi nakibembeleza."

Ananing'iniza ndoano ya winchi, mashine ndogo ya kuvutia waya iliyo mbele ya pikipiki, kwenye sikio la kijiko na kubonyeza kitufe. Waya unakaza, kijiko kinapanda polepole mpaka usawa wa magoti yake. Anakishusha. Anakipandisha tena. Kisha anavuta mkono wa kuachia, na kijiko kinabinuka kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Hapo ndipo anatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hii.

Wenzake wanamwita Rubani. Chanzo ni miwani mikubwa ya jua ya mwanawe, anayoivaa kwa sababu chumvi ikipigwa na jua hapa huchoma macho. "Siku ya kwanza alipoivaa na kupanda lile lipikipiki," anasimulia mmoja wa wenzake hao, "tukamwambia abiria tumeshafunga mikanda, ruka."

Wako akina mama kumi na wawili, yeye akiwemo. Kwa miaka ishirini na sita Rubani alifanya kazi wanayoifanya wao hadi leo: kukwangua chumvi kwa bereshi, kuijaza kwenye beseni, kujitwisha kichwani na kupanda nalo tuta hadi kwenye lundo. Beseni moja lina kilo thelathini. Malipo ni ya kundi zima, kwa chumvi nyeupe iliyopokelewa na mnunuzi. Ya kijivu hailipwi hata senti.

Mwaka jana shingo ilikataa. Daktari alimwonyesha picha ya mifupa na kumwambia kwamba akiendelea kubeba mzigo kichwani, mikono yake itakufa ganzi moja kwa moja.

"Nilimuuliza, sasa daktari, nikiacha kubeba nitakula nini? Akasema hilo yeye hana dawa yake."

Na kwenye mabwawa haya sheria haina maneno mengi: asiyebeba anarudi nyumbani. Unga ulikuwa ukingoni mwa kumwagika.

Ndipo alipoikumbuka pikipiki ya matairi manne, iliyokuwa ikitumika kukagua matuta, sasa imelala bandani. Trekta haiwezi kuingia bwawani. Matuta ni membamba na sakafu ni udongo laini. Lakini pikipiki ile ni nyepesi, matairi yake ni mapana, na ukiyapunguza upepo yanakanyaga kama unyayo wa mtu. Alimwendea kaka yake na mchoro alioukwangua kwa msumari juu ya kipande cha bati.

"Nilidhani dada amechanganyikiwa," kaka mtu anakiri. "Halafu nikautazama ule mchoro mara ya pili. Kila kitu kilikuwa mahali pake."

Mambo yalikwenda mrama siku ya kwanza. Chini ya chumvi kuna udongo mweusi, na mdomo wa kijiko ukiugusa, tope linapanda na kuchanganyika na mzigo. Rubani alikishusha kijiko hadi chini kabisa, kama mtu anayefagia uwanja. Kila alipokamata breki, pua ya pikipiki iliinama na mdomo ukauma udongo. Hakujua. Alipogeuka nyuma, bwawa namba sita lote lilikuwa na michirizi, na lundo lilikuwa na rangi ya majivu.

Mnunuzi alilitazama, akapanda gari lake na kuondoka. Malipo ya wiki nzima ya watu kumi na wawili yalipotea pale pale.

"Hakuna aliyenitukana," anasema, na sauti inashuka. "Afadhali wangenitukana. Siku mbili tulikula pamoja, na mtu ananipitishia chumvi bila kunitazama."

Msimamizi wa mabwawa, mwanamume mpole anayeongea kana kwamba maneno yanauzwa, alisema kijiko kitoke. Rubani akaomba bwawa moja tu, namba saba. Likiharibika, ataondoka mwenyewe bila kusukumwa. Msimamizi akawaachia wenzake waamue, kwa kuwa hasara ni yao. Waliinua mikono wote kumi na mmoja. Baadhi, kwa maelezo yao wenyewe, waliinua nusu.

Leo ndiyo leo. Gari la mnunuzi linafika saa tisa alasiri.

Kabla ya kuingia, Rubani anaosha matairi kwa maji ya chumvi aliyoyateka mferejini. Si ya bomba, maana maji ya bomba yanayeyusha chumvi na kuacha vishimo. Nyuma ya kiti anafunga magunia mawili yaliyojaa, kwa sababu kijiko kikijaa, pikipiki huinua makalio. "Chumvi inabebwa na chumvi mwenzake," anatania.

Kisha anaonyesha dawa ya kosa lake. Chini ya kijiko, kila upande, kuna kiatu cha chuma kilichokatwa kwenye springi ya gari bovu, kilichopindwa ncha kama pua ya mtumbwi na kukazwa kwa nati. Viatu hivyo ndivyo vinavyoteleza juu ya chumvi, na mdomo wa kijiko unabaki umening'inia. Nafasi iliyo chini ya mdomo ameipima kwa unene wa kidole chake alichokilaza.

"Kidole kimoja cha chumvi tunaiachia ardhi," anaeleza. "Hicho ndicho kitanda cha mavuno yanayofuata. Ukiwa na tamaa nacho, umekwisha."

Anawasha. Anaingia.

Mwandishi wa makala haya alikwenda akitarajia kuona mashine. Alichokiona ni mikono. Kijiko kinateleza, chumvi inajikunja mbele yake na kujaa, winchi inaita, pikipiki inarudi kinyumenyume juu ya nyayo zake zile zile, inapanda mbao zilizolazwa tutani, inamwaga. Kilo sabini na kitu. Anashuka tena. Hachelewi, wala hana haraka.

Nyuma yake sakafu inabaki nyeupe. Mwandishi alipiga magoti, akatoboa chumvi na kulaza kidole mahali kumi tofauti, akitafuta kosa kwa makusudi kabisa. Hakulipata. Mahali pote kumi, unene ni ule ule. Ni vigumu kueleza jinsi mwili unavyosisimka mtu anapogundua kwamba anachokitazama kimefanywa na mtu aliyekalia chuma kinachotetemeka, bila rula, bila kuinama.

"Unajuaje?" anaulizwa.

"Viganja," anajibu bila kupunguza mwendo. "Chumvi inakwaruza, usukani unawasha mikononi. Udongo ni laini. Usukani ukitulia tu, ujue umeshagusa."

Mchana, katika safari ya tisini na nne, kwenye kona ya mbali ambako maji yalichelewa kukauka, usukani unatulia.

Anasimamisha pikipiki hapo hapo. Hakuna mwingine aliyeona lolote. Akina mama wako tutani wanajaza magunia, msimamizi ameelekea ghalani. Rubani anashuka, anainama mbele ya kijiko, anachota chumvi na kuivunja kiganjani. Kuna alama nyeusi, ndogo kama mbegu ya papai. Ni moja tu. Ingezama katika tani nane na mtu asingeiona.

Anakipandisha kijiko, anakwenda nacho hadi ng'ambo ya tuta na kukimwaga chote kwenye mfereji. Kilo sabini zinayeyuka. Halafu anapaza sauti ili wote wasikie:

"Nimegusa! Kona ya mwisho, kijiko kimoja! Nimekimwaga! Hiyo kona naiacha, tutaikwangua kwa mkono!"

Mabereshi yanasimama. Kisha mama mmoja, mnene, mwenye shingo iliyoinama upande wa kulia kwa miaka ya mabeseni, anajibu: "Tumesikia, Rubani. Endelea kuruka." Wenzake wanacheka, na mabereshi yanaendelea.

Saa tisa kasorobo lundo limekamilika. Mnunuzi amewahi kufika. Msimamizi anakuja na bilauri ya maji safi, kwa kuwa hivyo ndivyo chumvi inavyohukumiwa hapa: konzi moja kutoka juu ya lundo, moja ubavuni, moja chini kabisa, zote ndani ya maji, kisha bilauri inainuliwa juani.

Rubani amevua miwani. Anaishika kwa mikono miwili. Msimamizi anakoroga. Maji yanazunguka meupe kama ya kuoshea mchele. Mama mnene amefumba macho.

Maji yanatulia, kidogo kidogo, mpaka mwandishi anauona uso wa mnunuzi kupitia upande wa pili wa bilauri, na hata ndevu zake anaweza kuzihesabu.

"Pakieni," anasema mnunuzi.

Mwandishi huyu amehudhuria fainali za mpira. Hajawahi kusikia kelele kama ile iliyopigwa na wanawake kumi na mmoja juu ya tuta. Mama mnene alifumbua macho akilia na kucheka kwa pamoja, akimpiga Rubani mgongoni mpaka ikabidi akumbushwe habari ya shingo ya mwenzake.

Msimamizi alisubiri kelele zipungue. Akafungua daftari lake la zamu, akafuta neno moja mbele ya jina la Rubani na kuandika jingine.

"Dereva," alisoma. "Kesho namba nane, mama. Uje mapema."

"Nitakuja mapema," alijibu Rubani. "Lakini kesho kitini sikai mimi."

Msimamizi akainua uso.

Rubani alimgeukia mama mnene na kumvisha ile miwani, akairekebisha kwenye masikio yake kwa uangalifu. "Wewe shingo yako ni mbaya kuliko yangu, dada. Kesho unajifunza. Keshokutwa anafuata mwingine. Kaka ameshaniahidi kijiko cha pili. Nataka msimu ujao yale mabeseni tufulie nguo."

"Na nikigusa udongo?" aliuliza mama mnene.

"Utapiga kelele," alisema Rubani, "na sisi tutakusikia."